Msamaha wa Shemeji

Révérien aliondoka Stafford kabla hakujakucha, vumbi la maboksi ya ghalani alikofanya kazi bado likimwasha shingoni, akaishika barabara ya Dallas ambayo sasa angeweza kuiendesha akiwa amefumba macho. Safari zote zilifanana. Anafika, anaketi kwenye benchi la korido, jina lake linaitwa vibaya, kisha anaambiwa kesi imesogezwa, arudi mwezi ujao. Uchovu wa kazi aliujua, dawa yake ni usingizi. Huu wa mahakama ulikuwa mwingine, ukilala unaamka nao.

Na jambo lenyewe lilikuwa la dakika moja. Siku ya mahari ya Inès, mpwa wake, kule Cedar Hill, kando ya Dallas, ukoo ulimchagua Révérien awe msemaji wa upande wa bibi harusi, kwa kuwa yeye ni mjomba na ana maneno yenye adabu. Cyrille, baba wa Inès, alitaka msemaji awe mdogo wake. Cyrille alikuwa ameoa dada yake Révérien, marehemu sasa, na ushemeji wao haukuwahi kuwa na ugomvi. Lakini bia ina mambo yake. Alimfuata Révérien nje penye magari, chupa mkononi, ameiinua. Révérien akamsukuma. Cyrille akaangukia saruji, mkono ukavunjika, na jirani mmoja akaita polisi.

Polisi waliuliza nani kamsukuma mwenzake. Révérien alinyoosha kidole juu kama mwanafunzi. Habari ya chupa hakuitaja, maana hakuona adabu ya kumsema shemeji yake mbele ya watu wenye bunduki. Wakamfunga pingu mbele ya wakwe wapya, na Inès akalia mpaka wanja ukamshuka mashavuni.

Shtaka likaitwa shambulio la kudhuru mwili. Lingeweza kumpeleka jela mwaka mzima, lakini jela haikuwa hofu yake kubwa. Mama yake alikuwa bado kwenye kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, Tanzania, macho yamekwisha, na mtu hawezi kumwita mzazi wake Amerika mpaka awe raia. Ombi lake la uraia lilikuwa limebakiza usaili tu. Akitiwa hatiani, ombi linaanguka, na mama hana miaka ya kusubiri lingine.

Wazee wa jumuiya nao walifanya walichokijua. Waliwaketisha wawili hao sebuleni, Inès akiwapo, Jumapili baada ya misa, wapatane. Na kupatana kuna utaratibu wake: mkubwa ni jalala. Mwenye umri mkubwa hubeba kosa lote, bila “lakini” wala “na wewe pia”, ili mdogo naye apate pa kuanzia. Basi Révérien, aliyemzidi Cyrille umri, alisimama akasema, “Mimi ndiye niliyekosa. Nilimpiga shemeji yangu bila sababu yoyote. Naomba msamaha.” Wote sebuleni walijua ni heshima anayoitoa, si ushahidi. Kwa kawaida mdogo hujibu, “Hapana, mkubwa, mimi ndiye niliyeanza.” Cyrille alisema tu, “Nimekusamehe,” watu wakapiga makofi, bia zikafunguliwa. Clarisse wa kwaya alikuwa anarekodi kwa simu.

Siku chache baadaye Cyrille, kwa moyo mweupe kabisa, alikwenda kwa mwendesha mashtaka kuomba kesi ifutwe. Akamwonyesha ile video, ithibitishe kwamba wamepatana.

Asubuhi hii Nyaboke, wakili wa Révérien, Mkenya aliyekulia hukuhuku Texas, alimkuta mteja wake kwenye benchi la korido, akakaa bila kuvua koti.

“Mzee, nilikuambia Cyrille hawezi ku-drop hii kesi. Si yake. Ni ya State of Texas. Yeye ni shahidi tu.”

“Lakini aliyeumia ni yeye.”

“Ndiyo. Na State ndiyo inakushtaki.” Alipangusa macho. Naye alionekana hajalala vizuri. “Sasa wametuletea offer. Uta-plead guilty, yaani unakiri kosa, unawekwa chini ya uangalizi mwaka mmoja, ukitulia kesi inafutwa. Judge hatakutia hatiani, hakuna conviction.”

“Heri nusu shari kuliko shari kamili,” Révérien alisema.

“Hapana, sikiza. Kwa hii mahakama si conviction. Kwa watu wa immigration ni conviction, bora tu umekiri. Mama yako hatakuja.”

Révérien alitazama viatu vyake. “Na kukataa?”

“Twende trial, tuseme ni self-defense, ulikuwa unajikinga. Lakini self-defense haisemi hukumsukuma. Inasema ulimsukuma na ulikuwa na sababu. So lazima usimame useme kuhusu chupa. Useme yeye ndiye alianza. Na wakikuwekea ile video, ambayo wao wanaiona ni kukiri, useme ulichoambia wazee hakikuwa kweli.”

“Mbele ya Cyrille?”

“Mbele ya kila mtu.”

Mlango wa lifti ulifunguka, Cyrille akatoka, amevaa suti yake ya kanisani, ameitwa na upande wa mashtaka. Alipomwona shemeji yake uso ulimng’aa. Nyaboke alimwonya Révérien asizungumze na shahidi, lakini Cyrille alikuwa ameshafika.

“Kaka, usiogope,” alisema. “Nimewaambia wewe si mtu mbaya. Ulipitiwa na hasira tu, ulinipiga bure, na mimi nimeshasamehe.”

Révérien alimtazama usoni, akitafuta hata chembe ya utani. Haikuwepo. Mtu huyu alikuwa ameusikiliza ule msamaha mara nyingi kwenye simu mpaka ukawa ndio yaliyotokea. Aliamini. Kwa hilo Révérien aliumia kuliko kwa pingu, na akajua mwaka huu wote amekuwa akichoka kwa ajili ya mtu asiyejua kabebewa nini.

“Mama wakili,” alisema, bila kumwondolea Cyrille macho, “waambie sikiri. Cyrille alikuja na chupa ameiinua anipige kichwani. Nilimsukuma nisife. Nitasema hivyohivyo huko ndani.”

Nyaboke alimshika mkono amnyamazishe, lakini lilikuwa limeshatoka. Cyrille alisimama pale, tabasamu likimwisha polepole.

“Kwa hiyo Jumapili ile ulitudanganya?”

“Ndiyo. Kwa ajili yako.”

“Mbele ya wazee. Mbele ya binti yangu.” Alirudi hatua moja nyuma. “Basi nirudishie msamaha wangu.”

Karani alifungua mlango akaliita jina, vibaya kama kawaida. Révérien aliinuka.

“Chukua,” alisema, akaingia ndani.