Maji Mdomoni

Mfuniko wa sufuria unagongagonga jikoni kabla ya adhana ya alfajiri. Ni maji ya kumkandia Somoe, mjukuu wake, leo siku ya ishirini tangu ajifungue, na Bibi Mwanatumu anayangoja juu ya mbuzi ya kukunia nazi, anasinzia, mvuke unafunguka kama mlango, naye anapita. Huko ni njia, na njia inazaa njia, na pande zote nyumba zina vioo badala ya kuta, na katika kila kioo Somoe amekaa na mtoto mapajani, hamtazami. Nesi asiye na uso anatangulia na karatasi yake. Mpole, anainama kuinua upindo wa kanga ya bibi usiburure matopeni. Anauliza kwenye kioo, Wiki hii umeweza kucheka, mama? Na mdomo wa bibi unajibu wenyewe, kama ulivyojibu juzi kliniki Somoe alipoulizwa, Huyu? Anacheka mpaka majirani wanasikia. Njia inarefuka, Somoe anakuwa mdogo. Unajilaumu bila sababu? Ajilaumu nini, mzazi mwenye mume mwema! Njia inarefuka tena, Somoe amebaki kama punje ya mtama. Nesi wee, mbona hatumfikii? Njia hii inajengwa kwa ulimi, bibi, na ulimi si wake.

Bibi anakumbuka alivyofundwa na kungwi wake: ukishindwa kunyamaza, jaza maji mdomoni. Anachota mtaroni, anajaza mashavu. Nesi anauliza, Umewahi kufikiria kujidhuru? Maji yanamchoma bibi, machozi yanamtoka, hamezi. Halafu sauti, ndogo, kutoka mbali: Kila siku. Nikisikia mfuniko ule, natamani kusingekucha.

Adhana. Kanga ya bibi imelowa kifuani. Anakwenda chumbani, Somoe amekaa vilevile, mtoto mapajani, hamtazami, na kioo cha kabatini kinamwonyesha tena, na kingine ndani yake, bibi hajui kama ametoka au ndiyo kwanza anaingia. Mke mwenzangu, anaanza, kama amtaniavyo siku zote, kisha anafumba mdomo. Anampokea mtoto. Anakaa. Maji yanapoa jikoni.

Bibi, anasema Somoe hatimaye, bila kugeuka. Yule nesi. Mwambie aje aniulize tena. Na safari hii usinijibie.