Meza moja na mtu wa Kamango

Mimi ni fundi wa mashine za kusaga. Moulin ikifa kati ya Butembo na Beni, wengi huniita mimi, Muyisa. Mke wangu Élise yuko Masereka, analima viazi na vitunguu, nami narudi kwake mara mbili kwa mwezi kama barabara inakubali. Siku nyingine zote nakula kwa watu. Miaka kumi na moja sasa nakula mchana katika resto, na nitajie kartye yoyote, mtaa wowote, nitakuambia nani anaivisha sombe, majani ya muhogo, na nani anaiponda nusu halafu anaficha ugumu wake kwa mafuta ya mawese.

Kwa Mama Kavugho, huko Kimemi mjini Butembo, nilikuwa na meza yangu karibu na mlango. Nyumba ya mbao, meza sita, moshi mwingi. Bugali wake wa muhogo ulikuwa laini bila kunata vidoleni, na maharagi yake hayakuwahi kuwa na mawe. Huyu mama hakuwa mtu wa kucheka na wateja. Ukilalamika chumvi ni kidogo, alikuletea kopo lote na kuliangusha mbele yako. Nilimpenda kwa hilo.

Ilikuwa Jumanne, mwezi wa sita. Juma lile watu kumi na wanne walikuwa wamechinjwa na waasi wa porini mashambani kwao upande wa Beni, na picha zao zilikuwa zinapita kwenye simu. Mjini watu walikuwa wanatazamana vibaya. Mtu akiwa mgeni, macho yalimfuata mpaka apinde kona.

Mwanamume mmoja aliingia, na viti vyote vilikuwa vimejaa isipokuwa kile cha mbele yangu.

"Papa, naweza kuikala?"

"Ikala tu. Haina mutu."

Alikuwa na umri wa miaka thelathini hivi, buti za mpira zenye matope makavu, na kiloba, gunia dogo, alichokiweka chini ya meza. Aliagiza tilapia. Alipoonja kipande cha kwanza alitafuna polepole, akakunja uso kidogo kama mtu anayesikiliza injini.

"Iko muzuri," alisema, "lakini imechelewa ku moto. Dada yangu Virginie iko na resto ku Beni, nyuma ya soko. Yeye anatosha samaki mu mafuta wakati ngozi ingali inalia. Siku utafika Beni, ukule kule. Umuambie Éphraïm njo amekutuma, atakuongezea kichwa."

Nilicheka. Wapenda kula wawili hawahitaji muda mrefu. Tulizungumza samaki wa ziwani na samaki wa kufugwa, tukazungumza pilipili, na mwishowe akanieleza shida yake. Alikuwa mkulima wa kakao huko Kamango. Pompe yake ya kupulizia dawa ilikuwa imekufa na kule hakupata vipuri, ndiyo maana alishuka Butembo. Baba yake mtu wa Kamango, mama yake Mnande kama sisi wa Butembo, lakini mama alikufa mapema na Kinande hakikumkaa mdomoni. Nilimwambia duka la kwenda na kipande cha kuomba. Aliandika jina la kipande hicho kiganjani kwa biki.

Meza ya pili walikaa vijana watatu. Mmoja wao, mwenye koti jekundu, nilimjua kwa jina tu: Mathe, mpakiaji wa malori. Alimgeukia Éphraïm, akamsalimia kwa Kinande na kumuuliza jambo. Éphraïm alijibu kwa Kiswahili.

"Unatokea wapi?" Mathe alibadilisha lugha.

"Kamango."

"Na mu ile kiloba iko nini?"

"Ni bintu yangu ya kazi."

"Fungula."

Éphraïm alikifungua bila ubishi. Ndani mlikuwa na shati, mkate, na panga mpya, ncha yake imefungwa kwa karatasi ya duka. Watu wote wanaolima kakao wana panga. Wote waliokuwa mle ndani walijua hivyo. Lakini mmoja wa vijana alipiga mluzi kwa vidole, na kabla sijameza tonge lililokuwa mdomoni mwangu, mlango ulikuwa umejaa watu.

"Ni bale benye kuchinja," mtu alisema nje. "Bamemukamata moja."

Mathe alinigeukia. "We muzee, mulikuwa munasema pamoja. Unamujua huyu?"

Éphraïm alinitazama. Hakuwa na hofu bado. Alinitazama kama mtu anayengoja mwenzake aseme jambo dogo la kweli, kisha waendelee kula.

Nikasema, "Hapana. Simujui. Nimemukuta tu hapa."

Chupa ilimpiga juu ya sikio kabla sijafunga mdomo. Alianguka juu ya meza, na sahani ya samaki ikanimwagikia magotini. Mama Kavugho alitoka jikoni na mwiko mrefu wa bugali, akampiga Mathe mgongoni mara mbili, akimwambia si ndani ya resto yake, si mbele ya chakula. Walimsukuma. Aliangukia jiko la makaa kwa mkono wa kushoto, na kilio chake ndicho sauti iliyonifanya nisimame. Hata hapo nilisimama tu.

Walimvuta Éphraïm nje kwa miguu. Kichwa chake kiligonga kizingiti. Barabarani walikuwa watu hamsini, labda zaidi, na wanawake walikuwepo, na mwalimu mmoja ninayemfahamu alikuwepo, ameshika jiwe la kujengea. Éphraïm alijaribu kukaa. Alisema, "Muulize dada yangu. Virginie. Muulize Virginie." Alilisema lile jina mara nyingine na meno yake yalikuwa yanatoka pamoja nalo. Mtu mmoja alikuwa amekwenda kutafuta essence, yaani petroli, ya kumchoma. Alipita karibu yangu na bidon tupu, anakimbia, anatabasamu. Hakurudi kwa wakati. Jiwe lile la kujengea lilikuwa limemmaliza.

Askari walipofika wakipiga risasi hewani, barabara ilibaki tupu kama mvua imepita. Walimbeba kwa turubai. Nilikwenda nyuma ya choo cha Mama Kavugho nikatapika, na nilipopita jikoni nilimwona amekaa chini, ametumbukiza mkono wake ndani ya ndoo ya maji.  

Sikurudi kwake. Nilianza kuzunguka. Kuna resto karibu na pale malori yanapopaki, wanachoma mbuzi vizuri, mafuta yanadondoka kwenye makaa na pilipili yao ni ya kweli. Nilikula mishikaki miwili nikaacha miwili. Kuna nyingine upande wa kanisa, nguo za meza nyeupe, wali umeshikana kama udongo. Popote nilikaa mgongo ukutani. Sikuwa tena natazama sahani, nilikuwa natazama mikono ya watu wanaokula, nikijiuliza ule upi ungeokota jiwe. Ya kwangu nilijua isingeokota. Ingebaki mezani.

Juma la pili la mwezi wa saba nilipata kazi Beni, moulin mbili za mtu mmoja. Mchana wa kwanza sikuthubutu kwenda nyuma ya soko. Nilikula mwanzoni mwa mji, mahali pa sombe na makayabo, samaki wa chumvi. Wanajeshi wawili walikuwa wanakunywa pale tangu asubuhi. Mmoja alimwomba binti wa resto aje kukaa naye, binti akasema ana kazi. Yule alitoa bastola na kupiga risasi sufuria iliyokuwa motoni. Sombe ilimwagika yote, na binti akashika mguu wake uliounguzwa na mchuzi, bila kulia. Mwenzake alicheka, akasema kwa Lingala kwamba mama huyu hajui utani. Wateja waliinamia sahani zao. Na mimi niliinama. Nilipojikuta natafuna makayabo na yule binti anajipangusa mguu kwa kanga hatua mbili kutoka kwangu, nilijua siwezi kuendelea hivi.

Kesho yake niliuliza resto ya Virginie. Meza nne, kuta za buluu, yeye mwenyewe kwenye karai la mafuta. Alikuwa na uso wa ndugu yake, ule ule, ila mpana zaidi. Niliagiza tilapia. Ilikuja ikiwa bado inapiga kelele, ngozi inavunjika, nyama ndani nyeupe na yenye maji. Sijala samaki kama yule, na sikumwambia chochote. Nilikula, nikatoka. Siku iliyofuata vivyo hivyo. Siku ya tatu alikuja kusimama mbele yangu na kisu cha kuparua magamba mkononi.

"Papa, unapenda samaki yangu, ao uko na neno?"

Nilimuuliza kama ana ndugu anayeitwa Éphraïm.

Alivuta kiti. "Umemuona? Alienda Butembo, sasa ni juma ya tano. Simu haipite. Nimeuliza ku hôpital, nimeuliza ku kanisa. Banasema pengine waasi bamemukamata mu njia, bamemupeleka mu pori kubeba mizigo yao. Basi nangojea. Benye bamebebwa, bamoja banatorokaka."

Alikuwa anamngoja arudi kutoka porini. Nilimwambia yote. Nilimwambia juu ya kiloba, chupa, jiwe, na jina la dada alilolitaja mara tatu. Kisha nikamwambia waliponiuliza nilijibu nini.

"Rudilia," alisema.

"Nilisema simujui."

"Alikuwa amekuambia jina yake?"

"Ndiyo."

"Na jina yangu?"

"Ndiyo, mama."

Aliinuka, akaenda jikoni kwa utulivu, nami nikafikiri anakwenda kulia. Alirudi na upawa wa mafuta ya moto. Yalinipata begani na shingoni, na kabla sijapata pumzi ya kupiga kelele kisu kilikuwa kimepita kwenye mkono wangu, kutoka kiwiko mpaka karibu na kiganja. Tulianguka wote wawili. Alikuwa juu yangu, ananipiga uso kwa ngumi iliyoshika mpini. Sikujikinga sana. Taximan mmoja wa pikipiki aliyekuwa anakula, anaitwa Manassé, alimshika kiunoni akamvuta.

Mlango ulijaa. Niliutazama kutoka sakafuni nikajua mambo yanayokuja.

"Mama Virginie, huyu amekufanya nini?" sauti ziliuliza. "Ni mwizi? Tumutoshe inje."

Mmoja alikuwa tayari ameshika buti yangu.

"Mumuache," Virginie alisema. Damu yangu ilikuwa imemfika viwikoni. "Hapana kumugusa. Ni mimi njo nimemukata. Ni neno ya mu jamaa."

"Mama, sema tu."

"Nimesema mumuache. Huyu njo anajua pahali ndugu yangu iko."

Manassé alinipeleka dispensaire kwa pikipiki yake. Walinishona nyuzi ishirini na sita. Virginie alikaa kwenye benchi la nje mpaka wakamaliza, kisha akaniambia tunakwenda Butembo kesho yake.

 Kimemi nilimpeleka moja kwa moja kwa Mama Kavugho, kwa sababu sikujua wapi walipomzika Éphraïm na nilikuwa nimeona haya kuuliza. Mama Kavugho alikuwa na bandeji mpaka kwenye vidole, na sasa alisonga bugali kwa mkono mmoja. Alimtazama Virginie usoni, akazima moto, akafukuza wateja wote.

"Nilifuata maiti," alisema. "Niko najua kaburi. Bameandika inconnu, mutu hajulikane. Sikukuwa na jina ya kuwapa."

Jina lilikuwa kwangu muda wote ule. Virginie hakunitazama, na ingekuwa afadhali anipige tena.

Kaburini alipiga magoti, akachimba udongo kwa mikono, si kwa kumtoa, nafikiri alitaka tu mikono yake ifike chini. Mama Kavugho alimwacha mpaka kucha zikatoka damu, ndipo akamwinua kwa mkono wake mzima. Mimi nilisimama pembeni na rangi na brashi nilizonunua njiani. Nikaandika Éphraïm kwenye ubao, na Virginie akanitajia jina la baba yao, nikaliandika pia.

Siku mbili baadaye tulikwenda sisi watatu kutoa ushahidi kwa polisi. Mama Kavugho alitaja wanne, mimi nikataja Mathe na yule mwalimu. Mathe alivuka mpaka upande wa Uganda. Mwalimu alikamatwa darasani mbele ya wanafunzi wake.

Ndugu za mwalimu walinijia saa saba ya mchana, nikiwa chini ya moulin na miguu yangu nje. Walinivuta kwa miguu. Walitumia ufunguo wangu mwenyewe wa kukazia nati, ule mkubwa wa kumi na tisa. Taya lilivunjika mahali pawili, na meno tisa yalibaki kwenye unga wa mahindi. Mmoja aliniambia sikioni, "Wewe si ulisema haumujue?"

Nimekaa Masereka miezi miwili sasa. Élise ananipikia uji, ananishikia kikombe kwa sababu mkono wenye mshono bado hauna nguvu, na hajaniuliza kwa nini nilinyamaza siku ile wala kwa nini sikuendelea kunyamaza. Virginie alituma habari kupitia Manassé kwamba kesi itasikilizwa Alhamisi, na kwamba yeye atakuwepo. Hakuuliza hali yangu.

Nitashuka Butembo Jumatano. Maneno yanatoka polepole na nusu ya sauti zimepotea, lakini nilijaribu jana jioni mbele ya Élise, nikalisema jina la Éphraïm na la baba yake, na yeye akaniambia yanasikika.