Lugha ya Constantin

Miezi michache baada ya kumzika mumewe, Mama Germaine alikwenda chuo kikuu kujiandikisha. Kulikuwa na masomo ya wazee kila Alhamisi alasiri, na binti yake Syntiche, anayeishi mtaa wa Golf, ndiye aliyemletea habari hizo. Syntiche alitaka mama yake achague kompyuta. Germaine akachagua Tshiluba.

"Mama, ile luga utasemaka na nani sasa?" Syntiche aliuliza.

Germaine akakunja risiti ya masomo, akaitia mkobani.

Marehemu mumewe, Constantin, alikuwa Mluba wa Kasai, na Tshiluba ilikuwa lugha ya kwao. Germaine ni mtoto wa mfanyakazi wa reli kutoka kaskazini ya Katanga. Walipooana waliishi Kambove, mji wa migodi wa Katanga, wakazungumza Kiswahili, na Kifaransa kidogo watoto walipoanza shule. Kisha ikaja miaka ya tisini, Wakasai wakafukuzwa Katanga. Ndugu zake Constantin walipanda treni kurudi Kasai. Yeye alikimbilia mjini, mtaa wa Katuba, pamoja na mkewe na watoto, kwa kaka yake Germaine, wakabaki huko. Tangu hapo hakusema tena Tshiluba mbele ya watu, wala hakuwafundisha watoto. Dada yake Ngalula alipopiga simu kutoka Mbuji-Mayi, Constantin alitoka nje, akazungumza karibu na ukuta kwa sauti ya chini, halafu akarudi ndani.

Ugonjwa ndio uliomrudishia lugha yake. Wiki za mwisho Kiswahili kilimtoka kabisa. Kulikuwa na neno alilolirudia sana, na Germaine alisikia kama "shika". Basi akampa vya kushika: kikombe, rozari, pembe ya blanketi, hata mkono wake mwenyewe kwa kitambo kidogo kabla ya kukimbilia jikoni. Constantin alivitazama vile vitu, akaviweka kando, akasema tena lile neno.

Darasani, wenzake karibu wote walikuwa Wakasai waliokuja kujifunza kuandika lugha waliyokwisha kuijua. Walichekeshana, na kicheko kilimpita Germaine. Mwalimu wao, Plamedie, alikuwa msichana wa umri wa wajukuu wake. Siku moja aliwafundisha maneno ya nyumbani kwa kuyaonyesha: akaita mtu, akasimama, akajifanya anakula. Alipofika penye kiti alisema, "Shikama," akakaa.

Germaine akainua mkono, akaomba arudie.

"Shikama, Mama. Ni kusema: ikala chini."

"Haiko kushika kitu?"

"Hapana. Ni kuikala tu. Unaambiaka muntu mwenye unataka aikale pamoja na wewe."

Germaine alishukuru. Wakati wa mapumziko wengine walitoka kununua karanga, yeye akabaki amesimama dirishani mpaka waliporudi. Jioni alimweleza Syntiche kwa simu. Syntiche alisema Papa alikuwa mgonjwa sana, hakujua tena anasema nini, na Mama asijitese. Kisha watoto wakamwita, akakata.

Usingizi ulikuwa mgumu kwa siku nyingi. Hakuwaza ugonjwa tu. Aliwaza miaka yote ile ya Katuba, mwanamume akiishi peke yake ndani ya lugha yake, na yeye mkewe akiwa chumba cha pili anapika.

Hata hivyo hakuacha masomo. Dominika moja, alipotoka misa, alimpigia Ngalula. Siku zote waliulizana afya tu kwa maneno machache ya Kiswahili, wakaagana. Safari hii Germaine alimsalimu kwa Tshiluba, "Moyo webe," kisha akaongeza sentensi alizokuwa amejizoeza: kwamba anajifunza, na kwamba nyumba iko kimya.

Upande wa pili Ngalula aliita jina lake kwa mshangao. Kisha akaanza kusema Tshiluba, haraka, bila kituo. Jina la Constantin lilipita mara nyingi. Alicheka, akalia, akacheka tena. Germaine aliokota neno hapa, neno pale, lakini hakumwomba apunguze mwendo. Mwishoni Ngalula aliuliza jambo, akangoja.

"Sikusikia, wifi," Germaine akakiri kwa Kiswahili.

Ngalula naye akakitafuta Kiswahili chake cha zamani. "Nimekuuliza kama umekula."

"Bado."

"Basi kula. Nitakungoya."

Germaine aliiweka simu mezani bila kuikata, sauti juu, akapasha moto ugali wa bukari na mboga ya sombe ya jana, akala taratibu, huku akimsikia wifi yake akifagia uwanja wake kule Mbuji-Mayi.