Mjomba wa Ukurasa wa Thelathini na Tisa

Jumatatu ya kuanza kuandaa toleo la mwezi, saa tatu na robo asubuhi, Bi Nukta alikuwa ameinamia meza, penseli nyekundu mkononi, akihesabu mabano. Programu iliyoletwa na msomaji mmoja, ya kupanga majina ya wanafunzi kwa alfabeti, ilikuwa na mabano arobaini na moja ya kufungua na arobaini ya kufunga. Wasomaji wa jarida la Kiwambo walikuwa watu wa kunakili programu herufi kwa herufi jioni wakitoka kazini, na alama moja ikikosekana walipoteza wiki nzima, pamoja na heshima yao mbele ya watoto. Mhariri Msaidizi huyu alipewa jina la Nukta kwa sababu hakuna nukta iliyowahi kumpita.

Alilipata bano lililopotea mstari wa mia na kumi. Alipoinua macho, Mjomba Kibodi alikuwa ameketi kwenye kiti cha karibu na dirisha.

Alikuwa vilevile anavyochorwa kila mwezi ukurasa wa thelathini na tisa: upara unaong'aa, miwani myembamba, sweta la mistari, kidole cha shahada cha mkono wa kulia kimeinuliwa, bisibisi mkono wa kushoto. Rangi hakuwa nayo, kwa kuwa ukurasa huo huchapwa kwa wino mweusi peke yake. Aliishia kiunoni. Sweta lilikatika hapo kwa mstari ulionyooka, na chini yake kiti kilikuwa kitupu.

"Miguu sikumchorea," alisema Mchoraji, akimzunguka na kikombe cha chai. "Nafasi ilikuwa ndogo. Mngeniambia mapema kwamba atakuja kazini."

Mlinzi alikuwa ameshamwandika kwenye daftari la getini. Kwenye safu ya sababu ya kuja aliandika "mfanyakazi", akamalizana naye. Mhariri alitoka ofisini kwake, akasema mgeni njoo mwenyeji apone, akamsalimia kwa kumshika kiwiko, maana mikono yote miwili ilikuwa na shughuli.

Mhariri mwenyewe alikuwa amebakiwa na siku ishirini na mbili ahamie kampuni ya simu. Alikuwa mtu mwema, hodari wa kula chakula cha mchana na wenye matangazo. Yaliyobaki, yaani jarida, yalifanywa na Bi Nukta: kuchagua makala, kuzikata, kuzijaribu programu moja baada ya nyingine kwenye mashine ya ofisi, kugombana na kiwanda cha uchapaji. "Mvumilivu hula mbivu, dada yangu," Mhariri alikuwa amemwambia. "Kiti ni chako. Imebaki kutangazwa tu." Bi Nukta alikitaka kiti hicho. Hakujifanya hakitaki, wala hakuona aibu kukitaka.

Na Mjomba Kibodi naye alikuwa wake. Miaka kumi na moja nyuma, alipoanza kujibu maswali ya wasomaji, alijibu kwa jina lake. Mwezi wa kwanza wasomaji watatu walirudisha jarida wakidai fundi wa kweli. Mmoja aliuliza kama huyo mama ana ruhusa ya mumewe kufungua mashine za watu. Mhariri akasema, "Tuweke mzee fulani hivi. Mjomba hivi. Watu wanamwamini mjomba." Mchoraji akamchora kwa dakika kumi. Toleo lililofuata Bi Nukta aliandika majibu yaleyale, kwa maneno yaleyale, chini ya kile kichwa chenye upara, na barua za shukrani zikajaa gunia.

"Huyo mjomba ni wa upande gani?" mama yake alimuuliza jioni ya Jumatatu hiyo alipomsimulia ujio wa Mjomba, akichambua mchele mezani.

"Wa upande wangu, mama. Nimemzaa mimi."

"Umezaa mjomba!" Mama alitupa chuya pembeni. "Haya, na amekuja kufanya nini?"

"Amekaa tu."

"Mtu aliyekaa tu ndiye wa kumwogopa, mwanangu."

Kwa kweli Mjomba hakuwa na kero. Hakuomba chai wala hakupokea simu ya mtu. Akisemeshwa alijibu, ila alijibu kwa sentensi zilizowahi kuchapwa ukurasa wa thelathini na tisa, kwa kuwa hakuwa na nyingine. Mchoraji alimlalamikia kuhusu mkewe, Mjomba akamwambia, "Kabla ya kulaumu mashine, angalia kama wewe mwenyewe umeiwasha." Mchoraji alikwenda nyumbani mapema siku hiyo, na kesho yake alionekana mtu mwenye raha. Tangu hapo watu wa matangazo nao wakawa wanapita dirishani kuomba ushauri. Bi Nukta aliyasikia maneno yake yakitoka kinywani mwa Mjomba, watu wakiyaitikia kwa vichwa, akaendelea kuhesabu mabano.

Siku ya usaili Mkurugenzi, mwenye jarida lake, aliwaita watu wawili. Bi Nukta aliingia kwa miguu yake. Mjomba alibebwa juu ya kiti chake na Mchoraji pamoja na Mlinzi.

"Mkipewa jarida hili, mtaliendeshaje?" aliuliza Mkurugenzi.

Bi Nukta alisema ataanza kwa kuwafahamu vizuri wasomaji, kisha makala zilizopo, kisha gharama, kabla ya kubadili kitu chochote. Mkurugenzi aliitikia ehe. Mjomba akasema, "Usibadili kitu ndani ya boksi kabla ya kujua kilichomo." Mkurugenzi alitoa kalamu akaiandika sentensi hiyo, akaipigia mstari mara mbili.

"Bi Nukta," alisema kwa upole, "naona na wewe umejifunza mengi kwa Mjomba."

"Mzee, mimi ndiye ninayemwandika."

"Tunajua, binti yangu. Sote tunajua. Ndiyo maana mnaelewana."

Bi Nukta alitoka mle ndani. Hakupiga kelele, hakubamiza mlango. Alikwenda mezani kwake, akalifungua gunia la barua za mwezi, akalifunga tena, akaliweka chini ya meza. Mwezi huo ukurasa wa thelathini na tisa ulikwenda kiwandani mtupu, na kwa kuwa hakuna mtu mwingine aliyekuwa na mazoea ya kukagua kurasa, ulichapwa mtupu.

Mjomba alianza kufifia wiki hiyohiyo. Mistari ya sweta ilitangulia, ikafuata bisibisi. Kufika Jumatatu kalenda ya ukutani ilisomeka vizuri kupitia paji la uso wake, tarehe zote mpaka thelathini. Mkurugenzi alisema ni jua, akaagiza asogezwe mbali na dirisha. Mhariri, aliyekuwa akifunga vitu vyake kwenye maboksi, alimwambia Bi Nukta amwonee huruma mzee wa watu.

"Na mimi nani ananionea?" alisema Bi Nukta.

Mhariri akainamia boksi lake, akalifunga kwa kamba. Aliondoka Jumanne, akaagwa kwa soda na keki. Kiti chake kikabaki kitupu mbele ya mlango ulio wazi, na Bi Nukta alikuwa akikiona kila alipoinua kichwa.

Jumatano ilikuja barua ya haraka, na Bi Nukta, aliyekuwa amejiapiza kutofungua, aliifungua kwa mazoea ya mkono. Iliandikwa na karani wa zahanati. Mashine yao ilikuwa inagonga mara tatu kisha inazima. Ndani yake mlikuwa na kumbukumbu za chanjo za watoto elfu mbili na mia tatu, na nakala nyingine hawakuwa nayo. Jirani mmoja anayejua kompyuta alikuwa amemshauri afute kila kitu aanze upya. "Nitafanya hivyo Ijumaa nisipopata neno lako, Mjomba," aliandika. "Nakuamini wewe tu." Chini aliweka namba ya simu ya zahanati.

Bi Nukta aliijua dawa yake kabla hajamaliza kusoma. Akapiga simu.

"Usifute kitu," alimwambia karani. "Waya wa diski umelegea, basi. Chomoa umeme, fungua kifuniko, utaona waya mpana wa kijivu. Usukume mpaka ukae."

"Asante. Kwani naongea na nani?"

"Mimi ndiye ninayeandika majibu ya Mjomba Kibodi."

Upande wa pili mtoto alisikika akilia, pengine wa sindano.

"Nashukuru, dada yangu," karani alisema, na ilisikika wazi kwamba alishukuru kweli. "Lakini naomba unipe Mjomba mwenyewe. Hizi ni chanjo za watoto wa watu. Siwezi kufungua mashine ya serikali kwa maneno ya dada tu wa kwenye simu. Asiponiambia yeye, nitafuata ya jirani."

Bi Nukta aliziba simu kwa kiganja. Mjomba alikuwa amebaki miwani, mdomo, kidole kilichoinuliwa na kipande cha kola. Alifungua mdomo, lisitoke neno, maana hilo la waya wa kijivu lilikuwa halijaandikwa. Iliwezekana kabisa kuirudisha simu mahali pake. Bi Nukta aliliwaza hilo kwa muda wa kuvuta pumzi mbili, akavuta karatasi.

Aliandika mistari sita. Mstari wa kwanza kola ilirudi, wa pili sweta. Alipofika wa sita upara ulikuwa unang'aa kuliko siku aliyokuja. Akamwekea simu sikioni, na Mjomba akaisoma ile mistari sita kwa sauti ya mzee aliyefungua mashine nyingi maishani mwake.

"Nimekusikia, Mjomba," alisema karani. "Mungu akuzidishie."

Baada ya saa moja alipiga tena kusema mashine imewaka, majina yote yamo. Aliomba kuongea na Mjomba.

Mkurugenzi alikuwa amesimama mlangoni tangu simu ya kwanza. "Huo," alisema, "ndio uongozi." Akarudi chumbani kwake. Ijumaa tangazo lilibandikwa ubaoni, karibu na ratiba ya usafi: Mjomba Kibodi ndiye Mhariri mpya wa Kiwambo. Kwa mdomo Mkurugenzi aliongeza kwamba ana imani naye hasa, kwa sababu mtu asiye na miguu hawezi kuhamia kampuni ya simu.

Bi Nukta alimfuata. "Na mimi, mzee?"

"Wewe utakuwa naye bega kwa bega. Bila wewe hawezi."

"Basi kama bila mimi hawezi..."

"Ndiyo maana hatuthubutu kukuondoa hapo ulipo," alisema Mkurugenzi, akampa mkono.

"Kuku hutaga, jogoo akawika," mama yake alisema jioni. Kisha akamsogezea kiti, kwa sababu alimwona binti yake analia.

Mjomba alihamishiwa ofisi ya Mhariri akiwa juu ya kiti chake, na kiti cha zamani, kilichokuwa na magurudumu, kikapelekwa stoo. Toleo la kwanza la Mhariri mpya lilihitaji tahariri. Mkurugenzi alipita kuulizia, akamwangalia Mjomba, kisha akamwangalia Bi Nukta, akaenda zake.

Bi Nukta hakuhitaji rasimu. Tahariri hiyo alikuwa nayo kichwani miaka minne, ameitunga akipiga pasi, ameitengeneza akisubiri maji yachemke, ameifuta aya ya tatu mara nyingi. Aliiandika kwa dakika ishirini, mlango wazi, Mjomba akichezesha midomo kila sentensi ilipomalizika. Ilisema kwamba hakuna swali la kijinga kuhusu mashine. Ilisema kwamba anayeandika jarida hili ni mtu aliyekosea kila kosa ambalo msomaji analiogopa, na kwamba anashukuru kupewa nafasi ya kusema hivyo kwa sauti yake. Chini yake aliandika jina lake, lile la kwenye cheti cha kuzaliwa. Akalitazama.

"Soma tena mstari wa mwisho," alisema Mjomba kwa upole. Sentensi hiyo ilikuwa ya toleo la mwaka wa tatu, Bi Nukta aliikumbuka. "Kosa huwa hapo."

Bi Nukta akausoma tena. Akafuta jina lake, akaandika la Mjomba Kibodi, na kabla ya saa sita ukurasa ulikuwa umefika kiwandani.

Barua zilianza kuja wiki ya pili. Wengi walisema Mjomba ameandika kama mtu aliyekisubiri kiti hicho miaka mingi. Bi Nukta alizijibu zote.