Nyimbo za Polepole

"Huyo hapendi, anaigiza," alisema mwanamke mmoja redioni, na Bi Pasi akatabasamu huku akinyunyizia maji kola ya shati.

Jina lake halisi lilikuwa limesahaulika. Miaka aliyosimama nyuma ya meza ya kupigia pasi katika duka la dobi ilimgeuza kuwa Bi Pasi, naye alishazoea. Kila Alhamisi mchana mtangazaji aliwapa wasikilizaji mwimbaji mmoja wa zamani wamjadili kwa simu. Leo ilikuwa zamu ya mkongwe wa rokenroli, yule aliyewachezesha watu mpaka viatu vikakatika soli, kisha akawaliza kwa nyimbo za mapenzi. Swali lilikuwa hili: je, hizo za mapenzi zina ukweli wowote?

Dereva mmoja alikiri kwamba akizisikia hupunguza mwendo bila kujijua. Mzee mmoja alilalamika kuwa mwanamume mzima habembelezi namna ile, sauti mpaka inakatika.

"Namuunga mkono mzee," alisema mfuaji, aliyekuwa anaingia na beseni la mashuka. "Mume wangu akinililia hivyo nitajua kuna kitu amevunja."

Simu iliyofuata ilikuwa ya mwanamume. Alikohoa kidogo kusafisha koo, akasema, "Yaani, hivi..." na pasi ya Bi Pasi ikabaki hewani.

"Yaani, hivi, mimi ni seremala. Zamani nilimcheka sana huyu mwimbaji. Nilikuwa na mtu wangu, anaupenda ule wimbo wa mwanamume anayesubiri kituoni. Nikawa namwambia, si apande gari aende zake? Basi, nikapanda mimi. Siku hizi ukipigwa nazima redio. Hayo ndiyo maoni yangu."

"Na huyo mtu wako yuko wapi, mzee wangu?"

"Sijui. Nimerudi mji huu juzijuzi tu. Pengine kaolewa. Kuuliza naogopa."

Simu ikakatika. Bi Pasi aliisimamisha pasi wima mezani, taratibu, akakaa juu ya furushi la nguo chafu.

Hawakuwa wamegombana. Seremala alipata kazi mbali. Bi Pasi alibaki kumuuguza mama yake, akiahidi kwamba mama akipata nafuu atamfuata. Mama hakupata nafuu, wala hakufa upesi. Ahadi zikawa zinapungua urefu, mwaka hadi mwaka, hadi zikabaki salamu. Kisha salamu nazo zikakoma.

"Dada, vipi? Umeungua?" mfuaji aliuliza.

"Ni yeye."

"Yeye nani?" Kisha mfuaji akaelewa, maana kisa kile alikuwa amesimuliwa. Akatua beseni. "Basi piga simu."

"Niseme nini, mtu mzima mimi?"

"Maoni. Si wanataka maoni?"

Laini ilikuwa na watu wengi. Alipiga, akakata, akapiga tena, na alipokuwa karibu kuirudisha simu mfukoni mtangazaji akamkaribisha hewani.

"Mimi ni mpiga pasi," alisema, na sauti yake ikamshangaza kwa udogo. "Nimesikia wanaosema anaigiza. Labda. Lakini sikilizeni vizuri. Hasemi popote kwamba yule mwanamke atakuja. Hamlaumu, hamwiti. Anasema tu kwamba yeye yupo pale kituoni. Ni hilo tu, kwamba yupo."

"Maneno mazito hayo. Na wewe mama, umewahi kumsubiri mtu hivyo?"

Bi Pasi aliutazama ukuta. "Sijaolewa," akasema. "Nakaa palepale, nyuma ya kiwanda cha sabuni. Nyumba ni ileile."

"Haya, basi salamu ziwafikie wote wa nyuma ya kiwanda cha sabuni," akasema mtangazaji, akaweka wimbo.

Mfuaji aliziba mdomo kwa kiganja asicheke. Alipouona uso wa mwenzake, kicheko kikamwishia. Akachukua shati lililokuwa mezani, akalimalizia yeye, vibaya, mikunjo miwili mgongoni, na Bi Pasi hakumsahihisha.

Jioni alirudi nyumbani kwa mwendo wake wa kila siku, akijikataza kugeuka. Aliosha uso. Alichana nywele, kisha akajikasirikia, akazifunga kitambaa. Kisha akakifungua.

Chumbani kulikuwa na viti viwili, na kimoja miaka yote kilibeba nguo zilizokunjwa. Alizihamishia kitandani, akavitoa vyote barazani.

"Una mgeni leo?" aliuliza jirani, akipita na ndoo.

"Hapana. Kiti kinapigwa na hewa tu."

Alikaa kwenye kimoja. Kiwanda kilikuwa kimetoa wafanyakazi, na barabara ilijaa wanaume wanaorudi makwao, koti begani, wakiongea. Bi Pasi alikifuta kile cha pili kwa ncha ya kanga, akakisogeza kidogo, kiitazame njia.