Kitufe cha Mdogo Wangu

Mimi ni fundi cherehani, na sipendi kufundishwa. Kwa hiyo mdogo wangu alipofanyiwa upasuaji wa nyonga, maelezo ya daktari kuhusu dawa za maumivu niliyasikia nusu. Vidonge vinachelewa, tena alikuwa anatapika. Sindano ya nesi inatuliza, kisha inaisha, mgonjwa analia akisubiri nyingine. Mashine ya morfini inatoa dozi ndogo kila akibonyeza kitufe.

"Lakini abonyeze mwenyewe," daktari alisema. "Mtu mwingine asiguse."

Mdogo wangu akachagua mashine.

Eti mwenyewe! Tangu mama atutoke, nani kamlisha, nani kamwogesha? Mchana ule alilala, uso umekunjamana, na mimi moyo ukaniuma. Nikabonyeza. Nikasubiri, nikabonyeza tena, na tena. Uso ukanyooka kama kitambaa kilichopigwa pasi. Nikajisifu kimoyomoyo, damu nzito kuliko maji bwana.

Nesi akaingia kupima presha. Akakitazama kifua cha mdogo wangu, akatazama saa.

"Anapumua mara sita tu kwa dakika. Nani kabonyeza?"

Nikajinyooshea kidole. "Mimi."

Hata kunigombeza hakuwa na muda. Akasimamisha mashine, akamwekea oksijeni, akamwita daktari, wakamchoma mshipani dawa ya kuikata morfini. Nilijibanza ukutani nikiomba Mungu anichukue mimi.

Jamani! Dua sijaimaliza, kifua kikapanda. Kikashuka. Kikapanda tena, na macho yakafunguka.

"Dada, inauma!"

Nililia kwa furaha. Nani angeniambia kuna siku nitashukuru kusikia hivyo?

Hali ilipotulia, nesi akaniwekea kitufe kiganjani. Kilikuwa chepesi kuliko kibweta cha sindano zangu.

"Aliyelala habonyezi," akasema. "Dawa ikianza kumzidi, anasinzia, mkono unaacha kitufe. Usingizi wake ndio mlinzi wake. Wewe ulimpita mlinzi."

Nilikigeuzageuza kile kidude kiganjani. Kumbe kuna mtu alikaa akawaza mpaka hapo! Mimi miaka yote najua kumpenda ni kumfanyia.

Jioni daktari akamuuliza upya, sindano au mashine?

"Mashine." Akakishika kitufe kwa mkono wa kulia, wa kushoto akaninyooshea. "Wewe shika huu, dada."

Nikaushika. Akabonyeza mwenyewe, akasinzia. Nikakodolea macho saa ya ukutani na kuhesabu pumzi zake, moja moja, mpaka dakika ikatimia: kumi na nne.