Komite ya Safari ya Mutu Mumoja

Kwa miaka kumi na tisa Vagheni alikuwa sekretere wa shule ya sekondari mjini Butembo, na kwa miaka hiyo yote aliandika ripoti za mikutano ya watu wengine. Mwaka wa shule ulipofungwa, mwezi wa saba, jua likiwa limekwisha kugeuza barabara kuwa unga mwekundu, aliamua kwenda Beni kwa miguu, siku mbili, begi mgongoni, peke yake. Alitaka siku mbili asisikie mtu akisema ajenda.

Alipanga kwa makini. Begi alilipata kwenye nguo za mitumba, akalijaza maharagi na kuzunguka nalo uani jioni nne mfululizo ili azoee uzito, huku majirani wakimchungulia. Kwenye karatasi aliandika: kuondoka saa kumi na moja asubuhi, Butembo kungali na baridi; saa sita mpaka saa tisa kupumzika kivulini; kulala kwa shangazi yake, kijijini Kabasha; kesho yake kuteremka Beni, ambako joto ni la kweli. Maji litre tatu, chumvi kidogo, kofia, soksi jozi mbili.

“Papa Séphora,” mkewe Marie-Jeanne aliuliza, akimwita kwa jina la binti yao, “Beni utaenda fanya nini?”

“Hapana kitu. Nitafika, nitakula, nitapanda pikipiki, nitarudi.”

“Donc utatembea siku mbili juu ya kula?”

“Juu ya kutembea.”

Marie-Jeanne akafikiri. “Kama kule iko mwanamuke, uniambie mbele ya kufunga begi.”

“Mwanamuke gani atapokea mutu mwenye atafika na miguu imevimba?”

Jibu hilo lilimridhisha kuliko kiapo. Akaenda kumshonea kamba ya begi iliyokuwa imelegea.

Kosa la Vagheni lilikuwa barua. Mfanyakazi wa shule akitoka mjini wakati wa likizo huacha barua kwenye biro ya prefe, yaani mkuu wa shule, na yeye, aliyewahi kuwakumbusha wenzake kanuni hiyo mara mia, hakuweza kuivunja. Prefe Timothée aliisoma mara mbili.

“Sekretere, hili neno ‘peke yangu’ linanisumbua. Batu batasema tulikufukuza.”

“Ni kupumzika tu, Monsieur le préfet.”

“Ndiyo. Lakini kupumzika kunapashwa kupangwa.”

Mkutano uliitishwa siku ya tatu baada ya barua. Watu kumi na moja walihudhuria, na Vagheni akaandika ripoti, kwa kuwa hakukuwa na sekretere mwingine. Aliandika kwamba komite ya safari ya mutu mumoja imeundwa. Aliandika kwamba rais wake ni prefe. Mwalimu wa fizikia, Jéthro, alipewa komisheni ya joto, naye akaomba kipimajoto na msaidizi wa kukisoma. Jumaine, mfanyabiashara mwenye malori na mzazi wa wanafunzi wawili, aliahidi lori moja la kufuata nyuma, ili mtembeaji akichoka apande.

“Na komite itakuwa wapi?” Vagheni aliuliza, kalamu ikiwa hewani.

“Ndani ya lori,” prefe alisema. “Hatuwezi kukuacha peke yako katika safari ya peke yako.”

Hakuna aliyecheka. Vagheni akaandika hivyo hivyo, na chini yake akaandika kwamba washiriki wote walikubali.

Siku ya safari alifika uwanja wa shule saa kumi na moja kamili. Komite ilianza kufika saa moja. Saa mbili kitambaa kikubwa kilifungwa ubavuni mwa lori, chenye picha ya prefe na maneno SAFARI YA MUTU MUMOJA. Saa tatu ilikuwa hotuba. Prefe alizungumzia ujasiri, afya na uzalendo. Kila alipoona Vagheni amesimama na begi mgongoni alimwonyesha kidole, watu wakapiga makofi. Jasho lilimshuka Vagheni mpaka kiunoni kabla hajapiga hatua moja. Jéthro akatangaza kwamba joto limepanda, na kwamba kwa maoni ya komisheni yake safari ingefaa kuanza mapema zaidi.

“Sekretere,” prefe aliita, “hiyo uiandike.”

Vagheni aliinama kutafuta kalamu. Halafu akasema anakwenda msalani mara moja. Alipita nyuma ya vyoo, akateremka katikati ya mikaratusi, akatokea barabarani, na hakugeuka.

Jua la saa nne lilikuwa kali, hesabu yake yote ya kivuli ikiwa imeharibika, lakini alitembea kama mtu aliyeruhusiwa kutoka hospitali. Karibu na Maboya alikaa chini ya mti, akavua viatu. Hapo ndipo lori la Jumaine lilipopita, prefe amesinzia mbele, komite ikiimba nyuma. Vumbi lilimfunika mpaka kope. Hakuna aliyemwona. Baadaye aliambiwa kwamba walikuwa wamemsubiri mpaka saa saba mchana, kisha prefe akaamua kwamba safari ya komite haiwezi kusimama kwa sababu ya mutu mumoja.

Alilala Kabasha kwa shangazi yake, ambaye naye alitaka kumpa mtu wa kumsindikiza. Kesho yake mchana aliingia Beni akichechemea, malengelenge kwenye visigino vyote viwili, maji yamekwisha. Aliketi kwenye meza ya mama mmoja anayeuza ndizi za kukaanga na samaki, pikipiki zikipiga honi mbele yao. Simu ikalia.

“Papa Séphora,” Marie-Jeanne alisema, “prefe ananiambia tangu jana mulifika wote vizuri. Uko salama?”

“Niko salama.”

“Na ule upweke?”

“Niliupata.”

Akakata simu. Mama muuzaji, aliyeitwa Faida, akamuuliza kwa adabu ametoka wapi na vumbi lote lile. Vagheni alikusudia kujibu neno moja. Lakini alikuwa amekaa kimya karibu siku mbili, na maneno yakatoka: maharagi uani, barua, kipimajoto, picha ya prefe, vyoo, vumbi la lori. Samaki akapoa. Wateja wawili walisogeza viti vyao karibu.

“Papa, kula kwanza,” Faida alisema.

“Ngoja, mama,” alisema Vagheni. “Bado sijafika Kabasha.”